Majina Kwenye Daftari la Malipo

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mmoja wa wawezeshaji wetu katika semina ya kamati za ujenzi, mafundi na watunza hazina wa vikundi. Tumeyachapa kwa ombi la washiriki wenyewe.



Nimepewa mada ya utunzaji wa kumbukumbu za malipo. Aliyepanga ratiba ameiweka baada ya chakula cha mchana, na sidhani kama alinitakia mema. Mada ya daftari ikikutana na ugali, watu husinzia. Kwa hiyo naomba mniruhusu nianzie mbali, katika mji wa Washington huko Marekani, halafu tutarudi hapa kwenye meza zetu kabla ya chai ya saa kumi.

Wengi wenu mmeliona kwenye televisheni jengo la Bunge la Marekani, linaloitwa Capitol. Ni lile jeupe, kubwa, lenye kuba juu na sanamu ya mwanamke kileleni. Vitabu vinatuambia kwamba jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais George Washington mwenyewe, tarehe 18 Septemba 1793. Ni kweli. Lakini ninyi ni watu wa ujenzi, na mnajua kwamba mgeni rasmi huweka jiwe moja. Akishaliweka ananawa mikono, anapigwa picha, anakwenda kula. Mawe mengine yote yanawekwa na nani?

Mwaka 1790 viongozi wa nchi ile waliamua makao makuu ya serikali yajengwe kando ya mto Potomac, kati ya Maryland na Virginia. Mahali penyewe palikuwa mashamba na misitu, na bandari ndogo mbili tatu. Rais akateua makamishna watatu wasimamie kazi, kama kamati zenu mlivyoteuliwa ninyi. Makamishna wale walitarajia kupata mafundi na vibarua kutoka Ulaya. Wakaandika barua, wakangoja. Waliokuja walikuwa wachache. Walikuwapo waashi wa Kiskoti, na hao walikuwa mafundi hasa wa kuchonga mawe, walikuwapo Waairishi, walikuwapo pia watu weusi walio huru na Wamarekani weupe waliotafuta riziki. Sipendi tuwasahau, maana siku hizi wako wasimulizi wanaosema kila jiwe la pale liliwekwa na mtumwa, na hiyo si kweli. Lakini hawakutosha. Basi makamishna wakafanya jambo lililokuwa la kawaida katika sehemu ile: wakawaendea wenye watumwa na kuwakodi watu wao.

Masharti ya ukodishaji yaliandikwa vizuri kabisa. Mwenye mtumwa alitakiwa kumpa mtu wake nguo na blanketi. Serikali ilitoa chakula na mahali pa kulala. Na serikali ililipa ujira, dola 5 hivi kwa mwezi kwa kila mtu. Ujira huo alilipwa mwenye mtumwa. Nasema tena kwa sababu ndiyo shina la mazungumzo yetu: kazi ilifanywa na mmoja, fedha ikapokewa na mwingine, na daftari likafungwa likiwa halina kosa lolote la hesabu.

Kazi zenyewe mnazijua. Nazitaja kwa sababu ukisoma historia ya jengo hilo utakuta kurasa nyingi juu ya waliochora ramani na mistari michache tu juu ya waliotoka jasho.

Kwanza palikuwa na machimbo ya mawe. Jiwe lilikuwa la mchanga, lenye rangi ya kijivu na hudhurungi, na lilitoka Aquia huko Virginia, upande wa chini wa mto huo huo. Serikali ilinunua machimbo pale mwaka 1791. Kulitoa jiwe lile kulitaka kuchonga mtaro mwembamba nyuma yake na ubavuni, mtu akiwa ndani ya mtaro huo na sururu, kisha kulibandua kwa kabari. Halafu likaburutwa hadi kwenye mashua, likapandishwa na mto hadi mjini, likashushwa, likaburutwa tena hadi kilimani. Jengo lipo juu ya kilima, na wakati ule hapakuwa na trekta wala lori.

Pili palikuwa na matofali. Udongo ulichimbwa karibu na eneo la ujenzi, ukakandwa, ukafyatuliwa, ukachomwa kwenye tanuru. Hapo sina la kuwafundisha.

Tatu palikuwa na wapasua mbao. Wazee waliomo humu wanaukumbuka msumeno wa watu wawili: gogo liko juu ya shimo, mmoja amesimama juu yake, mwenzake yuko chini shimoni, na vumbi lote la mbao linamshukia machoni yule wa chini. Katika orodha za malipo za Ikulu ya Marekani, ambayo ilikuwa ikijengwa wakati huo huo na chini ya makamishna hao hao, yako majina ya watumwa waliofanya kazi ya kupasua mbao: Jerry, Jess, Charles, Len, Dick, Bill, Jim. Katika orodha ya maseremala wako Tom, Peter, Ben, Harry na Daniel. Baadhi ya hao maseremala walikuwa mali ya James Hoban, ambaye ndiye aliyechora ramani ya Ikulu. Yaani mchora ramani aliwakodisha watu wake kwenye mradi wake mwenyewe. Watunza hazina, mnatabasamu. Naona mmeelewa.

Sasa tazameni majina yenyewe. Tom. Peter. Ben. Ni jina moja tu, bila jina la baba wala ukoo. Pembeni yake liko jina kamili la mtu aliyepokea fedha. Leo hii mjukuu wa kitukuu wa Ben akitaka kumtafuta babu yake ataanzia wapi? Ya mpokeaji wa fedha yamehifadhiwa yote, hata sahihi yake. Bado nasema orodha ile mbovu ni afadhali kuliko kutokuwa na orodha. Kama karani yule angeandika tu "watumwa watano", hata Ben tusingempata.

Bunge liliingia katika upande wa kaskazini wa jengo mwezi Novemba 1800, kazi ikiwa bado sana. Mwaka 1814 majeshi ya Uingereza yalilichoma moto, likajengwa upya. Katikati ya karne ya 19 likapanuliwa na kuwekewa kuba jipya la chuma. Hapo ndipo napenda tukae kidogo, kwa sababu hapo tunakutana na fundi mmoja ambaye habari zake zimeandikwa zaidi. Anaitwa Philip Reid.

Juu ya kuba jipya ilitakiwa sanamu kubwa ya shaba nyeusi, Sanamu ya Uhuru. Aliyeibuni ni Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Roma, Thomas Crawford. Katika mchoro wake mmoja alimvika mwanamke yule kofia ya kitambaa ambayo, katika Roma ya zamani, ilikuwa alama ya mtumwa aliyeachiwa huru. Jefferson Davis, waziri wa vita aliyekuwa na mamlaka juu ya ujenzi ule, na mwenyewe mwenye watumwa, aliikataa kofia ile. Crawford akaibadilisha, akaweka kofia ya chuma yenye kichwa cha tai na manyoya. Mwaka 1861 Davis huyo huyo akawa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga ili yaendelee na utumwa. Waziri mzima alikaa mezani kujadili kofia, kwa kuogopa watu wataielewa.

Crawford alifariki mwaka 1857. Mfano wake wa plasta, wenye ukubwa ule ule wa sanamu iliyokusudiwa, ulisafirishwa kwa meli katika vipande na kuunganishwa Washington. Kazi ya kusubu sanamu kwa shaba alipewa Clark Mills, mwenye kiwanda cha kusubu nje kidogo ya mji. Philip Reid alikuwa mtumwa wa Mills. Mills alimnunua huko Charleston akiwa bado kijana, kwa dola 1,200, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimnunua kwa sababu aliona ana kipaji cha kazi ya kusubu.

Kisa kinachofuata kilisimuliwa na mtoto wa Mills. Ili sanamu isubiwe ilibidi mfano wa plasta utenganishwe tena katika vipande vyake vitano. Lakini fundi wa Kiitaliano aliyeuunganisha alikuwa ameziba viungo vizuri mno, hata havikuonekana. Akasema hatauonyesha mtu pa kuufungulia mpaka aongezwe mshahara. Alijua, au alidhani anajua, kwamba hakuna mwingine wa kuifanya kazi ile. (Mafundi, msicheke sana. Wenyeviti wa kamati wanawatazama.) Wakati wakubwa wanashauriana, Reid akafunga kamba kwenye pete ya chuma iliyokuwa kichwani mwa sanamu, akaipitisha kwenye kapi, akaanza kuuvuta mfano juu taratibu, kidogo kidogo. Uzito wake wenyewe ukaanza kuvuta viungo, na ufa mwembamba kama uzi ukajitokeza kuonyesha mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine. Wakaufungua pale. Wakafanya vivyo hivyo kwa vipande vyote, na plasta haikuvunjika.

Mtu aliyekuwa akiuzwa na kununuliwa ndiye aliyekuwa na akili ya kuikwamua kazi ya serikali. Simsifu kwa kushangaa kwamba mtumwa anaweza kufikiri. Nawauliza tu kama kwenye maeneo yenu ya ujenzi kuna saidia fundi ambaye amekwisha kuona tatizo la msingi wenu, na hakuna aliyemwuliza.

Sasa tuje kwenye daftari, maana ndiko nilikokuwa nawapeleka. Usubuji ulianza mwaka 1860. Mills alilipwa kwa kazi ya Reid ya siku sita za juma, kama sheria ya pale ilivyoruhusu. Lakini moto chini ya kalibu haukuweza kuachwa uzimike siku ya Jumapili, na Jumapili ilihesabiwa kuwa siku ya mtumwa mwenyewe. Kwa hiyo kwa Jumapili serikali ilimlipa Reid moja kwa moja. Alifanya kazi Jumapili 33, kati ya Julai 1860 na Mei 1861, kwa dola 1.25 kwa siku. Vibarua wengine walilipwa dola 1. Jumla yake ni dola 41.25. Stakabadhi ipo hadi leo. Hakuweza kuandika, akaweka alama ya msalaba, kama wazee wetu wanavyoweka dole gumba.

Sanamu nzima, bila gharama za kuipandisha, iligharimu dola 23,796.82. Katika fedha hizo, dola 41.25 ndizo tunazoziona zikimfikia mkononi mtu aliyelinda moto wake. Na bila karani kuandika jina Philip Reid kwenye stakabadhi ya Jumapili, pengine leo tungesema tu kwamba sanamu ilisubiwa na Clark Mills, tukaishia hapo.

Tarehe 16 Aprili 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwaachia huru watumwa wa mji wa Washington. Sheria hiyo ilitoa fidia, na fidia ilikwenda kwa wenye watumwa. Mills aliwasilisha madai: kwa Philip Reid aliomba dola 1,500, akimweleza kuwa ni mtu wa miaka 42, mfupi, mwenye afya, mwenye akili, fundi mzuri wa kiwandani. Alipewa dola 350.40. Linganisheni wenyewe tarakimu hizo mbili, ile ya kumiliki mtu na ile ya Jumapili 33 za kulinda moto.

Sanamu ilikamilishwa juu ya kuba tarehe 2 Desemba 1863, katikati ya vita, mizinga ikapigwa mara 35. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 6 na uzito wa karibu tani 7. Philip Reid wakati huo alikuwa mtu huru kwa muda wa mwaka mmoja na nusu na zaidi. Mwandishi mmoja wa miaka hiyo aliandika kwamba Reid amejiajiri na kwamba watu wanaomfahamu wanamheshimu sana. Alifanya kazi ya upakaji plasta. Alifariki mwaka 1892. Hata akiwa kaburini hakuachwa atulie, maana mabaki yake yalihamishwa kadiri makaburi ya watu weusi yalivyoondolewa kupisha mji.

Na Bunge lenyewe lilichukua muda gani kukiri? Mwaka 2000 ndipo lilipounda kikosi cha kuchunguza habari ya watumwa waliojenga jengo lake. Ripoti ya historia hiyo ilitoka mwaka 2005. Ukumbi mkubwa wa wageni, uliofunguliwa mwaka 2008, uliitwa Ukumbi wa Ukombozi. Mwaka 2012 ndani yake likawekwa jiwe la kumbukumbu, na jiwe lenyewe ni lile la Aquia, lililokuwa sehemu ya jengo la zamani, na alama za patasi bado zinaonekana juu yake. Tangu kazi ianze ni miaka zaidi ya 200. Ushahidi haukuwa umepotea. Ulikuwa kwenye madaftari ya malipo, katika hifadhi ya serikali, unangoja mtu wa kuyafungua.

Ndugu zangu, mtaniambia kwamba hapa hakuna watumwa. Ni kweli, na sitaki kufananisha vibaya. Kibarua wetu akichoka anaweza kuweka chini karai lake na kwenda nyumbani. Ben hakuweza. Lakini yako mambo mawili tunayoyafanya ambayo yalifanywa Washington, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika mradi mmoja wa kujenga zahanati. Nilikuwa kijana, nina kalamu tatu mfukoni, na daftari langu lilikuwa safi mno. Mkaguzi alilisifu. Kila Jumamosi niliandika: "Vibarua 11, siku 6," kisha kiasi cha fedha, kisha sahihi ya nyapara aliyezipokea kwa niaba yao. Siku moja mvua ilinyesha usiku, asubuhi ukingo wa mtaro wa msingi ukaporomoka na kumfunika kijana mmoja mpaka kifuani. Tukamfukua, amevunjika mguu, amepoteza fahamu. Tulipofika hospitali muuguzi akaniuliza: jina lake kamili? Wenzake walimwita kwa jina la utani. Anatoka kijiji gani? Hatukujua. Ndugu yake ni nani? Nikafungua daftari langu safi. Lilisema "vibarua 11".

Mama yake alipata habari siku ya nne, kwa mtu aliyepita njia. Alikuja kwa miguu. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonikaa. Aliniuliza tu, kwa adabu, "Mwanangu, huyu mliyekuwa mnamwandika hapa kila juma mlikuwa mnamwitaje?" Na tulipofuatilia ujira wake wa juma lile, nyapara akasema amekwisha kumlipa. Kijana akasema hajalipwa. Karatasi ilikuwa upande wa nyapara, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika hivyo. Ilibidi kamati ilipe mara ya pili, na baadhi ya wajumbe hawakuniangalia vizuri hadi mradi unakwisha. Walikuwa na haki.

Kwa hiyo nikiona kamati inaleta hesabu zenye "vibarua 20, saidia fundi 6, akina mama wa maji 8", siulizi kwanza kama jumla ni sahihi. Mara nyingi jumla ni sahihi. Hasa hao akina mama wa maji, ambao hubeba ndoo tangu alfajiri ili zege liweze kuchanganywa, na kwenye taarifa zetu huingia chini ya kichwa "nguvu za jamii", bila jina hata moja. Wafadhili wanapenda sana maneno hayo. Mimi nimeanza kuyaogopa.

Najua pingamizi zenu, maana mlinieleza jana jioni. Kwamba vibarua hubadilika kila siku. Kwamba wengine hawataki kuandikwa kwa kuogopa kodi au madeni. Kwamba fundi mkuu hupewa kazi kwa mapatano na watu wake ni juu yake. Hilo la tatu ndilo zito, na sina jibu jepesi. Fundi akichukua kazi kwa mapatano, kamati haiwezi kumpangia kila shilingi. Lakini inaweza kumtaka kila Jumamosi alete orodha yenye jina la mtu, jina la baba, kijiji, siku alizofanya kazi na dole gumba lake mwenyewe, na orodha hiyo isomwe kwa sauti mbele ya waliotajwa, kabla fundi hajapewa malipo ya juma linalofuata. Kamati mbili kati ya zilizomo humu zimeanza kufanya hivyo. Mmoja wa mafundi alikasirika na kuondoka. Kamati ikapata mwingine.

Katika bahasha mlizopewa asubuhi kuna karatasi moja yenye safu saba. Ya kwanza ni jina kamili, na ya mwisho ni ya mtu wa kuarifiwa likitokea lolote. Kila kamati iliombwa kuja na daftari lake la miezi mitatu iliyopita. Naomba mkae kwa vikundi vyenu, mfungue ukurasa wowote, mjaribu kuhamisha majuma mawili tu kwenye karatasi hiyo. Mtakapofika mahali hamjui jina la kuandika, msibuni. Acheni nafasi wazi, na mkirudi nyumbani mwulizeni fundi, au nendeni kwa mwenyewe.